Kuchagua Vifaa vya Ufito wa Kuvulia: Somo la Sayansi na Hisabati kwa Shule za Delta

Katika makala haya twakusudia kueleza namna mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kufundisha nguvu, uzito, vipimo na michoro ya takwimu kwa kutumia kitu ambacho watoto wa Nyamisati na vijiji vingine vya delta ya Rufiji aghalabu wanakijua kuliko mwalimu wao, yaani ufito wa kuvulia samaki pamoja na mshipi wake, ndoana, chelezo na chubwi. Somo limeandaliwa kwa Darasa la Tano na huchukua vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha mbali na bahari, tuseme kando ya Ziwa Nyasa au Mto Ruvu, hatashindwa kulibadili likafaa huko.

Tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, vyuo vyetu vimekuwa vikihimiza kwamba zana za kufundishia zitoke katika mazingira ya mtoto. Himizo hilo ni jema, lakini mara nyingi limefahamika nusu. Mwalimu huokota kitu cha mazingira, hukionyesha mbele ya darasa kwa dakika moja, hukiweka mezani, kisha hurudi kwenye nukuu za ubaoni kana kwamba kitu kile hakikuwapo. Zana ya namna hiyo ni pambo. Zana hufundisha pale tu inapomlazimu mtoto kuamua jambo: achague hiki au kile, na aseme kwa nini. Ndiyo maana somo letu limejengwa juu ya kuchagua. Kuunda ufito wenyewe kunakuja baadaye, nako ni kazi ya saa moja.

Katika shule moja ya delta tulikaa nyuma ya darasa tukimwangalia mwalimu mwanafunzi, kijana hodari aliyekulia nyanda za juu, akifundisha somo linalokaribiana na hili. Alikuwa amechora kwa ustadi, kwenye karatasi ya manila, fimbo ya kuvulia ya kiwandani yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi na vipete vya chuma kila baada ya shubiri mbili. Alitaja sehemu zake nane, wanafunzi wakazirudia kwa pamoja. Hatimaye mtoto mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hii ni ya kumvulia samaki gani?" Mwalimu akajibu kuwa ni ya kuvulia samaki wote, na darasa likacheka. Watoto wale hawakuwa watovu wa adabu. Walijua jambo ambalo mchoro haukulijua, kwamba hakuna ufito wa samaki wote.

Swali la yule mtoto ndilo mlango wa somo hili. Vifaa havichaguliwi kwa kuanzia dukani. Huchaguliwa kwa kuanzia mdomoni mwa samaki. Huko Marekani ya Kaskazini kuna samaki mdogo wa maji baridi aitwaye krapi, ambaye ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi. Mvuvi akimvuta kwa fimbo ngumu, ndoana huchana mdomo na samaki akaenda zake. Kwa hiyo watengenezaji wa fimbo wa huko, ambao wengi wao hujiundia wenyewe kama mchezo wa jioni, hutafuta fimbo ndefu, nyepesi na yenye ncha laini kwa ajili ya samaki huyo mmoja tu. Mtoto wa delta hahitaji kumjua krapi, bali mwalimu afahamu kuwa fikra ni ile ile kila mahali: tabia ya samaki huamua ndoana, ndoana huamua mshipi, mshipi huamua ufito.

Sasa tuwatazame samaki wetu. Nyamisati iko upande wa kaskazini wa delta, katika wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Rufiji, na ndipo vyombo vya kwenda Kilindoni, Mafia, hupakia abiria. Maji ya hapo hujaa na kupwa, na chumvi yake hupanda na kushuka pamoja nayo. Mtoto huweza kukutana na hongwe na changu katika mikono ya mto yenye chumvi, na akipanda juu kidogo penye madimbwi na mabwawa ya maji baridi atakutana na perege na kambale. Perege ana mdomo mdogo na huonja chambo kwa hadhari. Kambale ana mdomo mpana, hutafuta chakula chini kwenye tope, na akinaswa huvuta kwa nguvu kuelekea penye mizizi. Hongwe naye hukaa chini, na miiba yake, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ina sumu ichomayo. Mkizi ni wengi, lakini hula tope na viumbe vidogo vilivyomo, kwa hiyo ndoana humpita bila kuijali. Watoto watakuambia wenyewe kwamba huyo ni wa nyavu.

Katika utangulizi wa somo mwalimu asiyataje hayo yote. Na aandike ubaoni majina mawili tu, perege na kambale, kisha aulize, "Mkitaka kumvua huyu na huyu, vifaa vitatofautiana vipi?" Na anyamaze. Dakika kumi za kusikiliza hapa zina faida kuliko dakika thelathini za kueleza. Mwalimu aliyekulia Moshi au Njombe asione haya kuuliza neno asilolijua. Vijiji haviiti vitu kwa jina moja, na chelezo cha huyu ni boya la yule. Lililo muhimu ni kwamba jina la darasani liwe lile watakalolikuta nyumbani jioni.

Tuanze na ndoana, maana ndicho kifaa kidogo kuliko vyote na ndicho kinachovuruga akili za wengi. Ndoana huuzwa kwa namba, na katika ndoana ndogo namba huenda kinyume: ndoana namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Mwalimu asipite hapa haraka. Awape wanafunzi ndoana za namba tatu zilizochomekwa kwenye kipande cha gome au cha kandambili, wapime kwa rula upana wa mdomo wa kila moja, kisha waandike namba na kipimo katika jedwali. Watagundua wenyewe kuwa namba inapanda ilhali kipimo kinashuka. Ni mfano adimu wa uhusiano wa kinyume ambao mtoto anaweza kuushika kwa kidole, ingawa kwa hadhari. Kwa perege tutachagua ndoana ndogo, kwa kambale kubwa na nene kidogo, kwa sababu kambale ana uwezo wa kuinyoosha ile nyembamba.

Mshipi siku hizi ni wa nailoni. Unene wake hutajwa kwa milimita au kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko, lakini mshipi uliokatwa na kuuzwa kwa pima hauna kibandiko. Je, mtoto mwenye rula ya shule atapimaje uzi usiofika nusu milimita? Azungushe mshipi kwenye penseli mara 20, mizunguko ikigusana bila kupandana, kisha apime upana wa mizunguko yote kwa pamoja. Ikiwa upana ni milimita 5, basi 5 gawanya kwa 20 ni 0.25, mshipi una unene wa robo milimita. Tumeliona zoezi hili likiwanyamazisha watoto watukutu kuliko kiboko chochote. Lina desimali ndani yake, lina wastani, na lina fahari ya kukipima kisichopimika.

Kutokana na kipimo hicho mwalimu aweza kupiga hatua moja zaidi kwa wanafunzi wepesi. Nguvu ya mshipi haifuati unene wake moja kwa moja; hufuata eneo la mkato wake. Mshipi wa milimita 0.50 ukilinganishwa na ule wa 0.25 wa aina ile ile una unene mara mbili, lakini eneo la mkato ni mara nne, na nguvu yake yapata mara nne vilevile. Kwa nini basi tusitumie mnene kwa samaki wote? Watoto watajibu: perege atauona, tena chambo hakitacheza majini. Robo milimita yatosha kwa perege. Kwa kambale wa kwenye mizizi nusu milimita si nyingi.

Chelezo hukatwa kutoka kandambili kuukuu, na hakuna ufuoni mwa Pwani palipokosa kandambili. Zamani wavuvi wa pwani walitumia pia mizizi inayochomoza juu ya tope ya mlilana, ambayo ni myepesi kama gamba la chupa, lakini mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo ni msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote nchini Tanzania, ni hifadhi ya serikali tangu enzi za Wajerumani, na mwalimu asiwatume watoto kukata chochote humo. Kwa hesabu, kandambili ni bora zaidi. Kipande chenye umbo la mchemraba wa sentimita 2 kila upande kina ujazo wa sentimita za ujazo 8. Kikizama chote husukuma gramu 8 za maji. Chenyewe kina uzito wake, hivyo mzigo kinachoweza kubeba ni pungufu ya gramu 8. Wanafunzi wakiweke kwenye beseni la maji, waongeze chubwi kidogo kidogo hadi theluthi moja tu ya chelezo ibaki juu. Chelezo kinachoelea chote juu humpa perege upinzani anapoonja chambo, naye hukitema. Kilichobaki theluthi huzama kwa mguso mdogo. Kwa kambale chelezo hakina kazi kubwa, kwa kuwa chambo chake hulazwa chini.

Kuhusu chubwi hatuna budi kusema kwa ukali kidogo. Yapo mazoea ya kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari ili kumimina machubwi. Mwalimu asiruhusu jambo hilo shuleni, wala asilitaje kama ubunifu wa kusifiwa. Risasi ni sumu. Moshi na vumbi lake huingia mwilini, na kwa mtoto huharibu ubongo ambao mwalimu ameajiriwa ili aukuze. Kadhalika asidi ya betri huunguza ngozi na macho. Hata machubwi ya risasi ya dukani, ambayo watoto huyabana kwa meno, yafaa yaachwe. Tatizo ni kwamba delta ni tope na mchanga, na jiwe dogo lenye umbo zuri haliokotwi kila mahali. Sisi hutumia nati za chuma. Nati ina tundu tayari, nati za aina moja zina uzito karibu sawa, na fundi baiskeli hutoa kuukuu bila malipo akiombwa vizuri. Nati moja ndogo hutosha kwa perege kwenye dimbwi lililotulia. Katika mkono wa mto ambamo maji yanakupwa kwa kasi zitahitajika tatu au nne, na hapo hesabu ya chelezo hurudiwa upya.

Sasa tumefikia ufito, na hapa tutakaa.

Mti wa mkoko au mkandaa ndio ulio karibu, na ndio mgeni angeufikiria kwanza. Licha ya katazo la kukata tulilolitaja, haufai. Ni mzito na mgumu. Huifaa nyumba na uzio, lakini mkono wa mtoto huchoka nao kabla samaki hajaja, na mdomo wa perege hauhimili ugumu wake. Matete ni mepesi, ila huvunjika ghafla penye kifundo. Upongoo wa mnazi hupinda vizuri ukiwa mbichi na hukatika ukiwa mkavu. Mwanzi ndio mfalme wa fito, ingawa hauoti katika tope la chumvi na hutafutwa nchi kavu au hununuliwa. Sababu ya ubora wake ni uwazi wa ndani. Sehemu ya kijiti iliyo mbali na kitovu ndiyo inayozuia kupinda. Sehemu ya kati huongeza uzito pasipo kuongeza nguvu nyingi. Mwanzi umeitupa hiyo ya kati na kubaki na ile ya kando. Mwanafunzi ataliona hilo kwa kukunja karatasi: karatasi bapa huanguka kwa uzito wake yenyewe, lakini ikiviringishwa kuwa bomba hubeba kalamu.

Mwanzi uliokatwa leo usitumike kesho. Una wanga ndani yake, na wadudu watoboao huufuata wanga huo. Kuloweka majini kwa wiki kadhaa hupunguza wanga, kisha mwanzi hukaushwa polepole kivulini. Ukianikwa juani hupasuka. Wengine huutundika juu ya meko, na moshi humalizia kazi. Mwalimu aanze maandalizi haya mwezi mzima kabla ya somo na ayaandike katika azimio la kazi, la sivyo atafika darasani na fito mbichi.

Jaribio lenyewe ni hili. Zitayarishwe fito tatu zenye urefu sawa wa sentimita 240: mmoja wa mwanzi mkavu, mmoja wa mwanzi mbichi, na mmoja wa mti mgumu wowote ulionunuliwa kihalali. Unene wa mashina yao ukaribiane. Sentimita 30 za shina zifungwe imara kwenye nondo za dirisha, ufito ukilala mlalo kuelekea nje. Zitabaki sentimita 210 zilizo huru. Dirisha litumike badala ya meza kwa kuwa ncha itashuka sana na meza ni fupi. Kwenye ncha itundikwe chupa tupu ya maji ya nusu lita kwa kipande kifupi cha mshipi. (Wapo watakaofikiria mfuko wa plastiki, mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na shule isiwe ya kwanza kusahau.) Uzito wa chupa tupu upatikane kwanza kwa mizani ya rula iliyotundikwa katikati. Kisha maji yamiminwe kwa mililita 50, na kila mara wanafunzi wapime ncha imeshuka sentimita ngapi. Kwa kuwa mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, chupa ya dawa yenye alama za mililita imegeuka kuwa seti ya mawe ya mizani, na shule isiyo na maabara haina udhuru.

Kila kundi lichore mstari wa takwimu: uzito chini, mshuko pembeni. Kwa mizigo midogo nukta zitakaa karibu na mstari ulionyooka. Mzigo ukiongezeka mara mbili, mshuko huongezeka mara mbili. Ufito ukishapinda sana, mstari huanza kulala, kwa sababu ncha imesogea ndani na mkono wa wenzo umekuwa mfupi. Mwalimu asishtuke wala asiwaambie wanafunzi kuwa wamekosea. Hayo ndiyo matokeo sahihi.

Mwaka na mwaka watengenezaji wa fimbo ulimwenguni wamekuwa wakibishana kuhusu ipi laini na ipi ngumu bila kuwa na kipimo. Mmarekani mmoja, William Hanneman, alipendekeza njia nyepesi ajabu: tundika mfuko kwenye ncha, tia sarafu za senti moja hadi ncha ishuke kwa theluthi ya urefu wa fimbo, kisha hesabu sarafu. Senti moja ya Marekani iliyotengenezwa baada ya 1982 ina gramu 2.5, na zote zalingana, kwa hiyo kila mtu anayo seti ya mizani mfukoni. Sisi tunayo maji. Kwa fito zetu theluthi ya sentimita 210 ni sentimita 70. Kundi lipige alama ukutani sentimita 70 chini ya usawa wa ufito, limimine maji hadi ncha iifikie, kisha lijumlishe maji na chupa. Jumla hiyo ya gramu ndiyo namba ya ufito. Ule wa mti mgumu waweza kuijaza chupa pasipo kuifikia alama. Hilo nalo ni jibu.

Lakini namba moja haitoshi, na hili tulifundishwa na mzee mvuvi aliyealikwa darasani na mmoja wa wanachuo wetu. Kumwalika mzee kuna adabu zake: aendewe nyumbani siku mbili kabla, asalimiwe shikamoo na wanafunzi waliokwenda kumwomba, aelezwe kitakachofanyika, na siku yenyewe apewe kiti na kipindi, asisimamishwe mlangoni kama shahidi. Mzee yule alipewa fito tatu kabla hajaonyeshwa vipimo. Aliuweka kando ule mgumu mara moja. Ya mianzi miwili aliitikisa mmoja baada ya mwingine, akaukataa ule ambao vipimo vya watoto vilionyesha kuwa ndio laini zaidi. Mwalimu mwanafunzi akamwambia, "Babu, huo ndio unaopinda vizuri." Mzee akamjibu, "Kupinda unapinda, mwanangu. Haurudi."

Darasa likaurudisha ufito ule dirishani. Chupa ilipoondolewa, ncha haikurejea mahali ilipoanzia, ilibaki imeinama. Ulikuwa ni ule mbichi. Tangu siku hiyo tumeongeza safu ya tatu katika jedwali: "Baada ya kuondoa mzigo, ncha imerudi wapi?" Safu hiyo yatenganisha mambo mawili ambayo vitabu vingi vya shule huyachanganya, yaani ulaini na unyumbukaji. Kitu laini hupinda kwa urahisi. Kitu kinyumbukacho hurudi. Ufito wa perege sharti uwe na yote mawili, kwani samaki anapovuta hupinda, na anapolegeza ufito hauna budi kurudi upesi ili mshipi usilegee na ndoana isichomoke. Mwanafunzi aweza pia kuipindua ncha kwa kidole, kuiachia, na kuhesabu mitikisiko kwa sekunde kumi. Ufito urudio upesi huwa na mitikisiko mingi zaidi kuliko mlegevu wa urefu ule ule. Mtikiso wa mkono wa yule mzee ulikuwa ukipima jambo hilo hilo, pasipo saa.

Tuna sababu ya kulieleza tukio hili kwa urefu. Wazazi wa delta wamekwisha kutuuliza, nao wana haki, "Mtoto nimemleta shule ili aache mitumbwi, mbona mnamrudishia mshipi? Mshipi nitamfundisha mwenyewe, ninyi mfundisheni hesabu." Katika vijiji ambamo mtoto mtoro aghalabu hupatikana majini, swali hili si la kupuuzwa. Mwalimu akifundisha kufunga ndoana tu, mzazi ameshinda hoja, maana baba anaifunga vizuri zaidi. Jibu la mwalimu liko katika daftari la mtoto: jedwali, mstari wa takwimu, desimali ya mshipi, ujazo wa chelezo. Mzazi akifungua daftari jioni akaona kwamba mwanawe ameandika kwa namba kile ambacho yeye hukijua kwa mkono, ataona shule imeongeza kitu. Akikuta picha ya fimbo iliyonakiliwa ubaoni, hataona. Mwalimu mwanafunzi ajiulize swali hilo anapoandika shabaha ya somo, kabla ya mkaguzi hajamwuliza.

Yaliyobaki ni mepesi. Mshipi ufungwe kwenye ncha kwa kuzongomeza uzi na kukaza fundo nyuma ya kifundo cha mwanzi, usichomoke. Urefu wake uwe pungufu kidogo ya urefu wa ufito, ili ufito ukisimamishwa wima ndoana ije mkononi mwa mvuvi na isipite usoni pa jirani. Mahali pa kushikia pazungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli. Vipete na kigurudumu havihitajiki. Mwenye hamu navyo aweza kupinda vipete vya waya, bali ajue kuwa kila kipete kina uzito na kinaongeza msuguano.

Makundi yachanganye wasichana na wavulana katika kila kazi. Tumeona mara kwa mara wavulana wakishika ufito na wasichana wakiachiwa kuandika jedwali, kwa madai kwamba mshipi ni wa wanaume. Wanawake wa pwani hutanda uduvi na kuvua pweza tangu zamani. Hoja hiyo haina mizizi hata kwao. Zamu zibadilishwe kila baada ya ufito mmoja.

Swali ambalo wanachuo hutuuliza kila mwaka ni kama darasa lipelekwe mtoni kujaribu fito. Jibu letu ni hapana. Rufiji ina mamba na viboko hadi kwenye delta, na mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyofika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, huwasogeza wanyama hao mahali ambapo jana palikuwa na shamba. Mwalimu mmoja na watoto hamsini ukingoni mwa maji ni hatari isiyo na kisingizio. Kila kipimo tulichokieleza hufanyika dirishani, kwenye beseni, au juu ya dawati. Mtoto atakayevua atavua na wazazi wake, mahali wanapopajua. Atakayeuliza juu ya kuvua kwa sumu au baruti aelezwe bila kuzungukazunguka kwamba Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza, na kwamba sumu haimchagui perege ikamwacha mnywaji wa maji.

Kwa tathmini, mwalimu asiulize majina ya sehemu za ufito. Awape wanafunzi samaki ambaye hakutajwa darasani, changu kwa mfano, waeleze mdomo wake, mahali anapokaa na mwendo wa maji hapo, kisha wachague ndoana, mshipi, chubwi na ufito, na kila uchaguzi uwe na sababu. Majibu yatatofautiana. Alama zitolewe kwa sababu iliyofuata kipimo, hata kama uchaguzi si ule ambao mwalimu angeufanya.

Fito zihifadhiwe zikiwa zimetundikwa wima, shina juu na ncha ikining'inia, katika ofisi isiyovuja. Ndoana zihesabiwe kabla ya kipindi na baada yake, mbele ya darasa zima: zikitoka kumi zirudi kumi, na hakuna anayetoka chumbani hadi ya kumi ionekane, maana watoto wengi huja shuleni miguu mitupu.